Sidney Lumet: mwangalie kwenye lenzi ndo utamuelewa

Watu wakitajiwa madairekta wakubwa wa Marekani wanakimbilia Scorsese, Spielberg, Kubrick, na kweli ni wakali wote, ila mimi kazi yangu ni kamera na leo naomba tumuongelee Sidney Lumet, maana yule mzee alikuwa hasogezi kamera bila sababu na ukiwa unaangalia wala hushtuki kama kuna kitu unafanyiwa.

Kazaliwa Philadelphia 1924, kakulia New York, baba yake alikuwa muigizaji wa maigizo ya Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya) na yeye kapanda jukwaani tangu mtoto. Kabla ya muvi alikuwa anaongoza tamthilia za tivii zinazorushwa laivu, yaani hamna kurudia, ukiharibu nchi nzima imeona. Ndo maana hata baadae waigizaji wake walikuwa wanafanya riheso wiki mbili hivi kabla ya kuanza kushuti, halafu wakianza mambo yanaenda chapchap.

Sasa njoo kwenye 12 Angry Men ya 1957, muvi yake ya kwanza. Raia 12 wamefungiwa chumba kimoja waamue kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia au hana, na karibu muvi nzima iko humohumo. Utafanyaje watu wasichoke? Lumet na mpiga picha wake Boris Kaufman walianza na lenzi pana, kamera ikiwa juu kidogo ya usawa wa macho, kwahiyo unaona meza yote, watu wana nafasi, wanapumua. Muvi inavyoenda kamera inashuka mpaka usawa wa macho, theluthi ya mwisho iko chini ya macho inawatazama kutokea chini, dari linaanza kuonekana, na muda wote huo lenzi zinazidi kuwa ndefu, yaani za kuvuta karibu. Lenzi ndefu ukirudi nyuma sura ibaki saizi ileile, ukuta wa nyuma unaonekana umemsogelea mtu mpaka kisogoni. Chumba ni kilekile, ila wewe unayeangalia unajikuta umebanwa na hujui kwanini! Halafu shoti ya mwisho wanapotoka nje kaweka lenzi pana kuliko zote, unashusha pumzi nao.

Muvi yake ya Serpico (1973) ilishutiwa kinyumenyume, matukio ya mwisho kwanza, kwasababu ya ndevu za muigizaji Al Pacino, walianza na ndevu nyingi wakawa wanapunguza. Dog Day Afternoon (1975) ukitoa wimbo wa mwanzoni haina muziki wa kukuambia uhisi nini, na kwangu hiyo ndo kazi bora ya Pacino, mtanibishia lakini sibadilishi. Network (1976) ikabeba Oscar 4, mojawapo ya Beatrice Straight ambaye yuko kwenye skrini kama dakika 5 tu, na humo taa zinaanza za kawaida zinaishia kung'aa kama tangazo la biashara.

Yeye mwenyewe kateuliwa Oscar ya dairekta mara 4 hakushinda hata moja, wakaja kumpa ya heshima 2005, hii inaniuma mpaka leo. Na hakustaafu, 2007 akiwa na miaka 83 katoa Before the Devil Knows You're Dead, kashuti kwa kamera za dijitali wakati wengi bado wanaziogopa.

Kama hujawahi kumuangalia anza na ile ya 1957, ukimaliza irudie umezima sauti, fuatilia dari tu.