Kipimo cha Sukari kwa Asiyeona Vizuri: Tarakimu Kubwa Hazitoshi

Macho ya mtu mwenye kisukari yakianza kufifia, ushauri anaopewa kwanza ni kutafuta mashine ya kupima sukari yenye tarakimu kubwa. Ni ushauri wa nia njema, lakini hautoshi. Anayeufuata peke yake anaweza kujikuta bado anamwita mtoto au jirani kila anapotaka kujua sukari yake imefika wapi, na mtu anayejidunga insulini mara kadhaa kwa siku hawezi kuishi hivyo.

Dhana: Tarakimu zikiwa kubwa, zitasomeka.

Ukweli: Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikiathiriwa na kisukari hushindwa mara nyingi kutenganisha rangi zinazokaribiana. Tarakimu za kijivu kwenye kioo cha kijivu hupotea hata zikiwa na urefu wa kidole gumba. Kinachookoa ni rangi zinazopingana waziwazi, nyeusi tii juu ya nyeupe au kinyume chake, pamoja na kioo kisichong'aa taa ikikipiga. Aliyepoteza uoni wa pembeni, anayeona kana kwamba anachungulia kwenye mwanzi, huenda hata akahitaji tarakimu ndogo kiasi, maana zikizidi ukubwa haziingii zote katika sehemu anayoiona.

Kuna na umbo lenyewe. Mashine nyingi huandika kila tarakimu kwa vipande saba vya mistari. Mstari wa katikati usipoonekana, 8 inakuwa 0, na 188 inasomwa 100. Nukta nayo ni ndogo kuliko kitu chochote kwenye kioo. Kwenye mashine inayopima kwa milimoli kwa lita, 5.6 ni sukari ya kawaida, sawa na miligramu 101 hivi kwa desilita. Nukta ikipotea, mtu aliyezoea miligramu ataona 56, aamini sukari imeshuka, na akimbilie kitu kitamu asichokihitaji. Kwa hiyo, kabla ya kununua, jua mashine inatumia kipimo gani, kisha isome mwenyewe katika mwanga hafifu kama wa chumba unachopimia usiku.

Dhana: Mashine inayosema kwa sauti imemaliza kila kitu.

Ukweli: Zipo zinazotamka matokeo tu, halafu zikanyamaza. Kuweka saa, kusikiliza matokeo ya jana, kujua betri inaisha au kwa nini kipimo kimekataa, yote hayo yanabaki kwenye kioo. Prodigy Voice ya Marekani ni mfano wa mashine iliyoundwa ili hata mipangilio na kumbukumbu zisikike. Uliza pia inasema lugha gani, sauti inaongezeka kiasi gani, na kama inatamka onyo pale sukari inapokuwa juu au chini kupita uwezo wake wa kupima. Kwenye kioo onyo hilo huandikwa HI au LO, herufi ambazo jicho dhaifu linaweza kuzidhania tarakimu, wakati hizo ndizo saa za hatari kuliko zote.

Dhana: Kazi ngumu ni kusoma matokeo.

Ukweli: Kwa asiyeona kabisa, kazi ngumu ni kuifikisha damu kwenye stripi, kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine. Hapa ndipo ningetaka watu watumie muda mwingi zaidi wakati wa kuchagua. Stripi nyingi hunyonya damu zenyewe kwenye ncha, kwa hiyo huhitaji kudondoshea tone kwa kulenga. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uikause vizuri, kwani utomvu wa tunda uliobaki kidoleni unaweza kupandisha matokeo. Chomeka stripi kwanza. Ning'iniza mkono kidogo damu ishuke, kisha toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache. Egemeza mikono yote miwili mezani, gusa ukingo wa stripi na utelezeshe kidole taratibu hadi kwenye ncha. Mashine nzuri italia ikishapata damu ya kutosha.

Kisukari huweza pia kutia ganzi vidole, hivyo stripi pana na ngumu ni rahisi kushika kuliko nyembamba. Zipo zinazokupa sekunde chache za kuongeza damu iliyopungua, na kwa maoni yangu sifa hiyo ina thamani kuliko rangi nzuri za kioo. Na kama unasoma Braille, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, toboa vidole usivyosomea.

Dhana: Simu si ya asiyeona.

Ukweli: Tangu 2009 iPhone ina VoiceOver inayosoma skrini kwa sauti, na simu za Android zina TalkBack. Mashine inayotuma matokeo kwa Bluetooth inaweza kusikika kupitia simu hata kama yenyewe ni bubu. Vivyo hivyo kwa vihisi vinavyobandikwa mwilini kwa siku kadhaa na kulia sukari ikishuka. Ila hivyo hupima majimaji yaliyo kati ya seli, si damu, hivyo huchelewa dakika chache. Mwili ukikuambia jingine, toboa kidole uhakikishe. Programu nayo ijaribiwe kabla ya kulipa, kwa kuwa grafu isiyo na maneno haisomeki kwa sauti.

Wapo pia wanaosubiri miwani mipya kwanza. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika nayo, na miwani iliyopimwa kipindi hicho inaweza isikufae wiki chache baadaye. Mashine haifai kusubiri.

Ukipewa ya kujaribu, fumba macho ufanye kipimo kizima, tangu kufungua kopo la stripi. Kisha chomeka stripi ikiwa imegeuzwa kwa makusudi, na usikilize kama mashine itakuambia umekosea.