Kimulimuli cha polisi: kuwaka ni kitu kimoja, kuonekana ni kingine

Kimulimuli ni yule mdudu wa usiku anayewaka na kuzima, na ndiye aliyeipa jina taa ya dharura ya gari la polisi. Ukimuuliza mtu taa nzuri ni ipi, atakwambia ni ile kali. Fundi anayeijua kazi huanza kwingine: nani anatakiwa aione, na amekaa wapi? Ndiyo maana husema gari la dharura lionekane nyuzi 360, yaani pande zote.

Chukua kipilefti kilichojaa magari jijini Dodoma. Land Cruiser ya polisi inakuja kwa nyuma. Taa ya juu ya paa anaiona dereva wa basi aliye magari matano mbele, maana amekaa juu. Lakini mwenye kigari kidogo ambaye gari la polisi limemkaribia sana kwa nyuma, akiangalia kioo cha ndani anaona boneti na shoo ya mbele ya gari hilo tu. Paa halimo kabisa. Kwa ajili yake huyo hufungwa taa ndogo kwenye shoo. Njia panda nayo ina shida yake: pua ya gari ndiyo hutangulia kuchungulia, paa likiwa bado limejificha nyuma ya lori au ukuta, hivyo taa za kwenye madigadi ya mbele humuwahi anayekatisha.

Nyuma ndiko kunakosahaulika. Pikapu yenye turubai, au askari waliokaa kwenye mabenchi, huiziba taa ya juu ya kabini. Anayeifuata haoni kitu! Taa hapo lazima zishuke hadi kwenye bodi la nyuma.

Halafu kuna jua letu. Anayetoka Morogoro jioni kuja Dodoma huendesha akiwa amelikabili jua. Gari la polisi likiwa mbele yake, taa ya paa inapigana na anga jeupe na kushindwa. Ya chini, yenye bodi jeusi au kivuli nyuma yake, huonekana mapema. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tano za kuchelewa kuona ni zaidi ya mita 100.

Rangi pia zina zamu. Mchana nyekundu huhimili mwanga wa jua kuliko bluu. Gizani jicho hugeuka, bluu ikaonekana kali zaidi. Magari mengi hubeba zote mbili kwa sababu hiyo.

Usiku tatizo hupinduka: taa inakuwa kali kupita kiasi. Gari likisimama kando ya barabara, tuseme karibu na Kibaigwa, dereva wa lori anaona mwanga tu, na trafiki aliyesimama pembeni akiwa na tochi anamezwa na mng'ao. Kuwaka-kuzima kwa kasi nako humnyima dereva kipimo cha umbali. Hajui gari linatembea au limesimama. Kanuni nambari 65 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, huruhusu miwako miwili hadi minne kwa sekunde. Taa za kisasa za LED huweza kupunguzwa ukali giza likiingia, na gari lililoegeshwa huachiwa mdundo wa polepole, na walau taa moja inayowaka bila kukatika ili jicho lipate pa kushika.