Jua, ziwa na magonjwa: maswali niliyopigwa mwaloni

Jumamosi nilikuwa mwalo mmoja (pale wavuvi wanaposhushia samaki) huku Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, natoa elimu ya mabadiliko ya tabianchi na magonjwa, nimebeba mabango yangu vizuri kabisa, lakini wakina mama wa dagaa walinipiga maswali mpaka mabango nikayaweka pembeni nikakalia ndoo. Nayaandika hapa maana kila ninakoenda yanajirudia. (Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, sio dokta, ila ukishika kalamu tu huku unaitwa dokta.)

Dokta, joto na malaria vinahusiana nini, mbu si ni mbu tu?

Mbu ni mbu mama, ila mbu akimnyonya mgonjwa leo hawezi kumuambukiza jirani usiku huohuo. Kimelea kinatakiwa kwanza kikue ndani ya mbu, na kinachokikuza ni joto. Kukiwa na nyuzi 20 kinachukua kama siku 28, zikifika 25 kinamaliza kwa siku 12 hivi, na chini ya nyuzi 16 hakikui. Sasa mbu wengi hizo wiki nne hawafikishi, kwahiyo kwenye baridi anakufa mzigo haujaiva, ila pakiongezeka joto kidogo tu anawahi. Sisi Mwanza joto tunalo mwaka mzima kwahiyo hatushtuki sana, kazi wanayo watu wa miinuko ambao miili yao haijaizoea malaria. Muleba kule Kagera ililipuka vibaya kipindi cha mvua za El Nino 1997/98, wakalala chini wakubwa kwa wadogo.

Na kichocho? Si cha watoto wanaoogelea?

Hapa ndo nilikaa sana, maana aliyeuliza alikuwa kasimama ziwani maji yamefika magotini anasuuza dagaa. Cha watoto, na wewe mguu wako uko wapi?

Iko hivi, mtu mwenye kichocho akijisaidia kando ya ziwa mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, kidudu kinamtafuta konokono na kinaishi humo wiki kadhaa kikizaliana, afu wanatoka vidudu wadogo wadogo huwaoni kwa macho, na hutoka kwa wingi jua likiwa limepamba moto, yani saa ileile mnayosuuza. Wanapenya ngozi dakika chache tu, hata kama huna kidonda, na humo mwilini wanakua minyoo wanaotaga mayai. Maji yakipata joto konokono aliyeambukizwa anaanza kuwatoa mapema zaidi. Ila tusidanganyane, joto likizidi sana, kama kupita nyuzi 30, konokono huyu wa ziwani na yeye anateseka, hazai vizuri na wengine wanakufa. Kwahiyo ukisikia mtu anasema joto likipanda kila ugonjwa unapanda, mwambie apunguze.

Shemeji yangu alikuwa na tumbo kubwa akatapika damu, tukasema karogwa.

Pole sana. Sijui ya shemeji yako, ila kichocho cha ziwani kikikaa miaka bila tiba kinaenda hivyohivyo. Mayai yanakwama kwenye ini, damu inakosa njia, mishipa ya koo la chakula inavimba na siku ikipasuka mtu anatapika damu. Akitapika damu ni hospitali moja kwa moja, kwa mganga mtapoteza muda ambao hamna.

Mwaka ule ziwa lilipopanda, na choo chetu kilizama.

Mei 2020 hiyo, maji yalifika kimo ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu 1964. Choo kikizama, kilichomo kinaingia ziwani, na ziwani ndo mnachota. Hapo kipindupindu hakihitaji hodi, kinaweza kukuanza ndani ya masaa machache. Mwanzoni mwa 2024 tulikiona tena Mwanza, Simiyu na Shinyanga. Ukiharisha maji kama ya mchele anza kunywa ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji) hapohapo huku unaelekea kituoni.

Basi ukame ni afadhali.

Wapi! Visima vikikauka kijiji kizima kinagombania dimbwi moja na ng'ombe wamo.

Kwahiyo tatizo ni tabianchi au ni sisi wachafu?

Swali la kijana mmoja mvuvi, akalitupa huku anacheka. Nikamwambia mvua inabeba kile ilichokikuta chini, kama hakuna choo itabeba kinyesi. Tabianchi inasukuma, lakini mlango tuliuacha wazi wenyewe, na waliotakiwa kutujengea vyoo mialoni nao wamo.

Zile dawa za kichocho zinatapisha, mi sizitaki tena.

Ulimeza bila kula. Praziquantel meza ukiwa umeshiba, kichefuchefu kinapungua sana. Inaua minyoo wakubwa, wale wachanga waliopenya juzi inawaacha, na ukirudi kwenye maji unapata upya, ndo maana unaambiwa urudie.

Sasa dagaa tusuuzie wapi?

Vile vidudu visipompata mtu vinakufa ndani ya siku moja mpaka mbili. Kwahiyo chukueni mapipa mawili, hili mnajaza leo mnaliacha limefunikwa, bila konokono ndani, mnalitumia keshokutwa, lile lingine mnajaza kesho, mnapokezana.

Mama akaniangalia, akaangalia beseni lake, akauliza mapipa bei gani siku hizi. Nikamtajia. Akarudi majini.