Je, wajua? Anayekosea kwanza hukumbuka zaidi

Ingia darasa lolote la Mwanza, la Igoma au la Kirumba, uulize: kati ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, lipi lina kina kirefu? Usishangae wengi wakisema Victoria. Ndilo kubwa kuliko yote Afrika, tena ni la kwao. Wamekosea, na si kidogo: Victoria halifiki mita 90 popote pale, ilhali Tanganyika linashuka hadi mita 1,470 hivi.

Kosa hilo mwalimu alifanyeje? Wengi huamini asiliruhusu hata litokee. Kosa likishatamkwa, wanasema, linaganda kichwani. Kwa hiyo jibu sahihi liandikwe ubaoni mapema, watoto walirudie. "Tumeelewa?" "Tumeelewaaa!" Hata wasomi wakubwa waliwahi kuegemea huko. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, katikati ya karne ya 20, alitengeneza mashine za kufundishia zenye hatua ndogondogo ili mwanafunzi asipate hata nafasi ya kukosea. Na kwa kweli darasa linaloitikia kwa pamoja linapendeza kulitazama. Ila kuitikia hakudai kukumbuka chochote. Unafuata tu sauti ya jirani.

Mwaka 2009, wanasaikolojia Nate Kornell, Matthew Hays na Robert Bjork waliwapa watu majozi ya maneno ya kukariri. Mengine yalisomwa kwa sekunde 13. Mengine, neno la pili lilifichwa, mtu akalibahatisha kwa sekunde 8, kisha akaonyeshwa jibu kwa sekunde 5 tu. Yaliyobahatishwa, hata yale yaliyokosewa, ndiyo yaliyokumbukwa zaidi.

Kwa nini? Fikiria wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza hawakurupuki kutupa nyavu. Wanawasha taa kwanza, wanasubiri dagaa wajikusanye kwenye mwanga, ndipo wanavua. Kubahatisha ni kuwasha taa. Mtoto anayetafuta jibu la maziwa anakusanya alichonacho: ramani, ukubwa, Bonde la Ufa. Jibu linapokuja, linakuta vitu vya kushikamana navyo: kumbe Tanganyika limo ndani ya bonde hilo, na Victoria limetandaa kwenye beseni lisilo na kina kati ya matawi yake mawili. Lakini ukiwasha taa pasipo na dagaa, hupati kitu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa maneno yasiyohusiana kabisa hayafaidiki hivyo. Na taa bila wavu ni hasara ya mafuta: jibu sahihi lazima lifuate. Faida pia huelekea zaidi kwenye kile kilichoulizwa, si somo zima.

Kwa darasa lililofurika, makopo mawili na visoda vya kuhesabia vinatosha. Kila mmoja anadumbukiza chake kwenye kopo la jibu analoliamini, hata yule asiyenyoosha mkono mwaka mzima. Hakuna maksi, na fimbo ikae mbali, maana mtoto anayeogopa atasubiri aone mwenzake anadumbukiza wapi. Makopo yanamwagwa, visoda vinahesabiwa mbele ya wote, halafu ndipo jibu.

Swali la kuanzia: maji mengi ya Ziwa Victoria yanaingia kwa Mto Kagera, au kwa mvua inayolinyeshea ziwa lenyewe? Kopo la Kagera litajaa. Ni mvua, kwa takriban asilimia 80.