Kuingia anga inayodhibitiwa bila kibali: maana yake nini?

Ukiwa angani huoni mipaka, lakini kwenye ramani ya rubani imejaa tele. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limepanga anga katika madaraja saba, A hadi G. Kuanzia A hadi E ni anga inayodhibitiwa. F na G haidhibitiwi. Rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa kutazama nje haruhusiwi kabisa kuingia daraja A. Katika B, C na D ni lazima kwanza azungumze na waongoza ndege na, kwa nchi nyingi, apewe kibali. Akivuka bila hivyo, hata kwa nusu dakika, ameingilia anga inayodhibitiwa.

Watu hudhani aliyefanya hivyo alipotea njia. Wapo wanaopotea, ila wengine wengi wanajua fika wako juu ya kijiji gani au mto gani. Kinachowaponyoka ni mwinuko. Karibu na uwanja mkubwa, anga inayodhibitiwa huanzia ardhini. Kadiri unavyokwenda mbali, sakafu yake hupanda hatua kwa hatua kama ngazi. Ndege ndogo hupita chini ya sakafu hizo, na hapo ndipo mambo huharibika.

Tuseme sakafu iko futi 2,500. Rubani anasoma futi 2,300 kwenye altimita, yaani kifaa cha kuonyesha mwinuko, ametulia. Lakini altimita hupima mgandamizo wa hewa, na ameiacha imesetiwa hektopaskali 1013 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo) ilhali mgandamizo wa eneo lile siku hiyo ni 1030. Kila hektopaskali moja ni takriban futi 27 hadi 30. Tofauti ya 17 inamaanisha yuko juu zaidi ya anavyodhani kwa futi 450 na ushee. Yuko ndani, na hana habari.

Sababu nyingine ni za kawaida mno: abiria mwenye maswali, wingu lililomlazimu kukata kona, upepo wa ubavuni, ramani ya GPS isiyosasishwa.

Mbele ya mwongoza ndege, kinachoonekana ni alama kwenye rada isiyojulikana ni ya nani wala inaelekea wapi. Hawezi kubahatisha. Huenda akaisogeza ndege ya abiria pembeni, akaikatiza nyingine isitue, au akazuia zinazosubiri kupaa. Transponda, yaani kifaa cha ndegeni kinachoijibu rada, ikiwa imezimwa hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata mwinuko wa mgeni huyo haonyeshwi.

Kwa hiyo rubani anayegundua amevuka anapaswa kusema mara moja redioni: mimi ni fulani, niko hapa, mwinuko huu. Akikosa masafa ya kituo husika, yapo ya dharura, megahezi 121.5. Kwa maoni yangu, kunyamaza na kujipenyeza kimyakimya kutoka ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza, maana ni la kukusudia.

Baada ya kutua kuna ripoti. Marekani ina mfumo unaoendeshwa na NASA, shirika lake la anga za juu, tangu 1976: rubani akiripoti ndani ya siku 10 kosa ambalo hakulikusudia, kwa kawaida mamlaka ya anga haimpi adhabu, mradi atimize masharti mengine. Nchini Uingereza marubani wanashauriwa kujiachia nafasi ya futi 200 chini au juu ya anga hiyo, na maili 2 za baharini pembeni, ili kosa dogo la altimita au usukani lisiwaingize ndani.

Ripoti inayoandika tu “sikuwa makini” haimsaidii mtu. Yenye manufaa inaeleza altimita ilisetiwa ngapi, sakafu ilikuwa futi ngapi, rubani alikuwa akiongea na nani redioni, na ni lini hasa alipoacha kutazama ramani.