Je, wajua Bibi Salme alijuaje kuandika, na kalamu ilimfikisha wapi?

Muulize kijana yeyote wa skuli hapa Unguja habari za Bibi Salme, jawabu utakayopewa ni ile ile: "si yule binti mfalme alotoroka na Mjarumani?" Basi, hapo imekwisha, na wengi wanaoandika insha za historia nao wanaishia hapo hapo, mapenzi, meli, Ulaya, kafa. Mimi sina ugomvi na hadithi ya mapenzi, tamu wallahi, ila inaanzia katikati. Mwanzo wake khasa ni swali jengine ambalo halisikiki sana: huyu mtoto wa kike, kazaliwa 1844, ndani ya kasri ambamo wasichana hawafunzwi kuandika, alijuaje kuandika? Maana ukilifatilia hilo utaona karibu kila kilichomkuta baadae, kizuri na kibaya, kimetokana na kalamu.

Tuanze Mtoni. Ukipanda gari ya Bububu kutoka Darajani, ukishapita Maruhubi, upande wa baharini kuna magofu ya Beit el Mtoni, na humo ndimo alimozaliwa Salme tarehe 30 Agosti 1844. Babaake ni Seyyid Said bin Sultan, huyu huyu tunaesoma habari zake za mikarafuu na kuhamisha makao kutoka Maskati kuja Unguja. Mamaake alikuwa suria, jina lake Jilfidan, mtu wa Sirkasia huko kwenye milima ya Kaukasi, alotekwa akiwa mdogo. Na nyumba ilikuwa imejaa, watoto wa Seyyid Said waliokuwa hai siku alofariki walikuwa 36, mama mbali mbali, lugha mbali mbali, huyu anasema Kiarabu, yule Kiswahili, yule Kihabeshi, na wote wanaelewana hivo hivo.

Chuo chao hakikuwa chumba cha kufunga mlango. Ilikuwa baraza ya wazi, ndege wanaingia na kutoka wanavyotaka, na samani zake ni mkeka tu umetandikwa chini. Watoto wanasomeshwa Qur-ani, wa kiume kwa wa kike, lakini likifika suala la kuandika ni wanaume peke yao. Watu wazima wa zama zile walikuwa na hofu yao: mwanamke akijua kuandika ataandika barua, na barua inakwenda mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kwenda. Dini haikusema hivo, ni mila, na mila za nyumba kubwa ndo ngumu zaidi kuzivunja kwa sababu macho ya mji mzima yako kwako.

Salme akaivunja. Wakati ule badala ya ubao walikuwa wakitumia mfupa wa bega la ngamia, ule ulio bapa, umesafishwa mpaka ukawa mweupe, unaandika kwa wino na kalamu ya mwanzi kisha unaosha unaanza tena. Salme akauchukua wake akakaa nao pembeni, kafungua msahafu, akawa ananakili herufi moja moja kama anavyoziona, bila mtu kumwelekeza, alif, be, te, anafuta anarudia, mpaka mkono ukazoea. Alipoona ameweza ila mwandiko bado haujakaa sawa, akamtafuta mtumwa mmoja wa nyumbani kwao alokuwa msomi ampe mafunzo ya mwandiko. Habari ikavuja na akasemwa vibaya sana, lakini ndo hivo tena, mtu akishajua kuandika humtoi.

Kwenye kitabu chake anaeleza pia kwamba utotoni alihamia Beit el Watoro mjini, nyumba ya kakaake Majid, na huko kajifunza kupanda farasi na kupiga shabaha. Majid walipendana nae sana. Lishike hilo, maana ndo linaloumiza mbele.

Mwaka 1856 Seyyid Said akafariki baharini karibu na Shelisheli akiwa anarudi kutoka Omani. Majid akashika utawala wa Unguja, na Barghash, mdogo wake, hakuridhika kabisa. Miaka mitatu baadae, 1859, kipindupindu kikampitia Jilfidan, Salme akabaki hana mama, kijana wa miaka kama 15, kashapewa urithi wake na shamba lake, na kwenye familia watu wanagawanyika upande huu na upande ule. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Salme yeye akachukua kalamu.

Dadaake Khole, ambae Salme alikuwa akimpenda mno, alikuwa upande wa Barghash, na Khole ndo akamvuta. Hebu fikiria sasa, unapanga kumpindua mfalme, unahitaji barua ziende kwa mashekhe na wakubwa wa mashambani, baruti inunuliwe, bunduki ziagizwe, risasi zihesabiwe, na huwezi kumuita karani wa nje kwa sababu siri itafika sokoni kabla ya adhuhuri. Katika dada wote waliomo kwenye mpango, anaejua kuandika ni huyu binti mdogo. Basi akawa yeye ndo karani wa njama nzima. Mwenyewe aliandika baadae, mtu mzima kule Ujerumani, kwamba dhamiri ilikuwa ikimsuta maana alikuwa anajua risasi anazoziagiza zinakwenda kuua watu. Hapa mimi ndo huwa nawaambia vijana wasimame, wasikimbilie kwa Mjarumani bado, kwa sababu hapa pana mwanamke wa Unguja yumo ndani ya siasa za nchi kabla hajafika miaka 16 na tiketi yake ya kuingilia ilikuwa mwandiko.

Njama yenyewe ilikwenda kama sinema. Majid akaizingira nyumba ya Barghash mjini. Usiku Salme na Khole na wafuasi wao wa kike wakalazimisha kupita kwa walinzi mpaka ndani, wakamvisha Barghash nguo za kike akafunikwa gubi gubi, macho tu ndo yanaonekana, wakatoka nae katikati ya kundi la wanawake, mlinzi gani atathubutu kumfunua mwanamke wa kifalme? Akapelekwa shamba la Marseille ambako watu wake walikuwa wamejiimarisha. Lakini Majid akaja na jeshi na Waingereza wakamsaidia, Marseille ikabomolewa, Barghash akarudi mjini akasalimu amri, akapelekwa Bombay uhamishoni kama miaka miwili hivi.

Majid hakuwaadhibu dada zake. Lakini adhabu nyengine ilikuja yenyewe, ndugu walokuwa upande wa Majid wakamuona Salme msaliti, nyumba kadhaa akawa haingii tena. Akakaa mashambani, akapanga nyumba Bububu karibu na bahari akawa ametulia. Halafu Majid akamuomba nyumba ile ya Bububu amwachie balozi wa Uingereza, na Salme kwa vile dhamiri bado inamuuma kwa alomfanyia kakaake, akakubali. Ikawa balaa jengine, Khole akakasirika, kwamba umepatana na adui! Kwa hiyo upande wa Majid hawamtaki kwa sababu ya barua, na upande wa Barghash hawamtaki kwa sababu ya Bububu. Akahamia Mji Mkongwe yuko peke yake.

Na nyumba alohamia ndo ilikuwa jirani na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe unazijua zilivyobanana, paa la Ruete lilikuwa chini kidogo kuliko la Salme, na kutoka dirishani alikuwa akiona karamu za wanaume wa Kizungu wakila na kuzungumza, anasema Ruete alikuwa akiziandaa khasa ili yeye aone. Hapo ndo mapenzi, na hapo ndo wengi wanapoanzia insha zao.

Mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba, na kwa binti wa kifalme asieolewa hilo lilikuwa jambo la kifo. Alitoroka tarehe 24 Agosti 1866 kwa manowari ya Uingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Usiku ule ulikuwa wa Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Nairuzi ambao pia huitwa Mwaka Kogwa, wanawake wakishuka pwani kukoga, kwa hiyo mwanamke kuonekana ufukweni usiku haikuwa ajabu. Hapa mwanafunzi mkali ataniuliza, Mwaka Kogwa si Julai? Sawa, sasa hivi Makunduchi wanakoga Julai, lakini mwaka wetu wa Nairuzi una siku 365 bila kuongeza ile siku ya Februari, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Ukihesabu miaka 150 na kitu nyuma utaangukia mwisho mwisho wa Agosti. Hesabu inakubali.

Aden akajifungua mtoto wa kiume, ambae hakuishi, alifariki 1867. Ruete akamfuata, na tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa akaitwa Emily na siku hiyo hiyo wakaoana. Hamburg wakapata watoto watatu, Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu ya farasi akafa. Mjane wa miaka 25 hivi, lugha ya ugeni, baridi, watoto watatu, na mali yake ya Unguja haipati. Akawa anahama mji hadi mji akifundisha watu Kiarabu ili apate chochote.

Mwaka huo huo, 1870, Majid alifariki na alokuja kukaa kwenye kiti ni nani? Barghash, yule yule ambae Salme alimtoa nyumbani kwa nguo za kike na kumwandikia barua zake za siri. Ungedhani mambo yatakuwa mepesi. Wapi! Barghash hakutaka hata kumuona. Mwaka 1875 alipokwenda London, Salme akamfata mpaka huko, Waingereza wakamuomba asionane nae na wakamuahidi watoto wake wataangaliwa, kisha ahadi ile ikapotelea hewani. Mwaka 1885 Bismarck, Chansela wa Ujerumani, akampandisha meli iitwayo Adler akaja Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, wakati ule Wajerumani wanamshinikiza Barghash awaachie ardhi ya bara, na Salme alikuwa kisingizio kizuri mkononi mwao, ndugu wa Sultani anaedai urithi na mwenye mtoto Mjerumani. Watu wa mjini walimsalimia barabarani, Sultani alikataa. Wajerumani walipopata walichokitaka bara, habari ya urithi wa Salme ikawekwa kando. Alirudi tena 1888 baada ya Barghash kufariki, nako pia hakuambulia kitu.

Kilichobaki ni ile kalamu. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin kwa Kijerumani, jina lake Memoiren einer arabischen Prinzessin, yaani Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu, alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake wajue walikotoka. Ndo maana leo tunajua mkeka wa chuo cha Mtoni, tunajua chakula, nguo, ugomvi wa masuria, nani alikaa wapi mezani kwa Seyyid Said. Balozi wa Kizungu asingeweza kuyaandika hayo kwa sababu mlango ule haukuwa wake kuingia, na wanaume wa kifalme wasingeyaandika kwa sababu kwao ni mambo ya kawaida tu.

Lakini mkikisoma msimeze kila kitu. Kwenye habari ya utumwa anaandika kama mtoto wa mwenye watumwa, anatetea, anawalaumu Wazungu kwa kuukomesha haraka, na mtumwa mwenyewe ndani ya kitabu kile ni mara chache unamsikia akisema. Hata yule alomfundisha mwandiko, mtu alombadilishia maisha, hatukuambiwa vizuri ni nani. Kwangu mimi hilo ndo pengo kubwa kuliko yote kwenye kitabu kizima, na likiulizwa kwenye mtihani ni swali zuri kuliko "eleza sababu za Salme kutoroka".

Baada ya hapo alikaa Beirut miaka mingi mpaka 1914, akarudi Ujerumani, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924, kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg, na alizikwa na mchanga wa pwani ya Unguja alokuwa kautunza. Barua zake alizoandika kuhusu maisha ya Ulaya zikaja kuchapishwa miaka mingi baadae, na hizo ni chungu zaidi kuliko kitabu cha kwanza, upweke mtupu.

Na uandishi haukuishia kwake. Mwaka 1929 mwanawe wa kiume akachapisha London kitabu cha maisha ya Seyyid Said bin Sultan, babu ambae hakuwahi kumuona lakini alipewa jina lake. Kwa hiyo ukikutana na jina Ruete kwenye orodha za vitabu vya historia ya Unguja angalia vizuri kabla hujaandika: Emily Ruete ndo Salme mwenyewe, Rudolph Said-Ruete ni mwanawe, na wote wawili utawahitaji kama mada yako ni Seyyid Said.