Unamwandikia Nani Akujibu?

Mimi ni mhariri wa miswada, mingi ikitoka hapa hapa Mombasa, na kurasa chache za mwanzo hunitosha kumjua msomaji aliyekuwa kichwani mwa mwandishi. Mhusika akila mahamri kwa mbaazi, kisha mwandishi akasita kueleza mahamri ni kitu gani, najua wanaoandikiwa si watu wa mji huu. Kila aya ikipachikwa methali, najua anayeandikiwa ni mtahini: mwandishi anatamani kitabu kiteuliwe shuleni. Simlaumu, kwani kitabu kilichoteuliwa huuzwa, naye ana karo ya kulipa. Lakini mgeni huyo na mtahini huyo ni sawa kwa jambo moja. Hakuna kati yao atakayemjibu.

Naamini mtu huandika kwa kuwa kuna mwenzake anayetaka kumjibu, au mwenzake anayetaka amjibu yeye. Ukiijua sababu ya kuandika umeshamjua na msomaji. Washairi wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, walilijua hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika uhasama wa Mombasa na Lamu uliozaa Vita vya Kuduhu, wao na wenzao wa Lamu walikuwa wakipelekeana mashairi ya kuchokozana na kutishana. Muyaka bin Haji, mshairi wa upande wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, alitunga akijua kuna malenga atakayelipokea shairi lake, alipime vina na mizani, alifumbue fumbo, kisha alipize. Hebu fikiria jinsi hali hiyo inavyomlazimu mtunzi kuwa makini: hoja ikilegea atarudishiwa, na watu watasikia. Hata fumbo lilikuwa njia ya kumchagua msomaji, maana fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Muyaka alipofariki mnamo 1840 hivi, beti zake zilibaki vifuani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmishenari W. E. Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne hiyo. Diwani ilichapishwa 1940. Tungo zisizo na wa kuzijibu hazidumu hivyo midomoni mwa watu.

Kuna atakayeniuliza: na Mwana Kupona wa Pate je? Utendi wake wa 1858 ni wasia kwa bintiye, hauna ushindani wowote. Ni kweli. Lakini tazama unavyoanza: mama mgonjwa anamwita binti asogee, aketi, aje na wino na karatasi. Msomaji yumo chumbani, na kila ubeti unangoja aitikie kwa namna atakavyoishi. Kwa maoni yangu ndiyo sababu wasia wa mama mmoja ukasomwa na pwani nzima.

Mtihani mgumu zaidi wa hoja yangu ni Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1968 alitoa kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi, na jibu la serikali likawa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani, katika upweke, alitunga kwa siri kwenye karatasi za chooni. Msomaji hayupo, na hata karatasi yenyewe ni hatari. Nani amjibu? Nimelifikiria sana swali hili. Kisha narudi kwenye diwani iliyotoka humo, Sauti ya Dhiki ya 1973, nakutana na shairi la mnazi: watu wawili wanauvutania, huyu akisema, yule akimrudi, beti kwa beti. Mfungwa aliyenyimwa wa kuzungumza naye aliwatunga wasemaji wawili, na akampa kila mmoja hoja zenye nguvu. Sijaona ushahidi mkubwa kuliko huo.

Kwa hiyo mwandishi akiniletea mswada, simuulizi rika la wasomaji wake. Namuuliza ni nani hasa angekasirika akiusoma, na angesema nini. Kijana mmoja wa Likoni alikuwa akiandika habari za babake, kuli wa bandari ya Kilindini, na sura zake zilijaa maelezo ya meli na makreni. Alifikiri kidogo, akanijibu: ami yake, aliyevunja mgomo uliomfukuzisha babake kazi. Nikamwambia aandike kana kwamba ami anasoma. Maelezo ya makreni yalipungua yenyewe, maana ami anayajua. Sasa anahangaika na sura ambamo ami anajitetea, na anaona ugumu kwa sababu utetezi wenyewe una haki ndani yake.